Nimeolewa, Lakini Bado Ni Mtoto wa Baba Yangu

Nilipoolewa sikuhama. Mume wangu ndiye aliyekuja na sanduku lake. Natanguliza hilo kwa sababu wasomaji wengi wa bara hudhani binti akiolewa hufunga nguo zake akaenda kwa kina mume, na nyumba ya babake ikahesabu mtu mmoja kapungua. Kwetu Amu, yaani Lamu, hasa huku mtaa wa Mkomani kwenye nyumba za mawe, mzazi mwenye uwezo humpa binti yake pa kukaa: nyumba nzima akijaliwa, orofa kama hakujaliwa sana, na mume akaingia hapo kwa heshima zake. Ukipita vichochoro vyetu ukainua macho utaona wikio, chumba kilichopita juu ya njia kushika ukuta wa nyumba hii na ukuta wa nyumba ile. Familia ilipokuwa kubwa na kiwanja hakuna, watu walijenga juu kwa juu ili mtoto apate pake asitengane na mamake. Mimi nalala orofani. Mama yuko chini. Akikohoa usiku namsikia.

Baba alikuwa nahodha wa boti ya idara moja ya umma. Sitaandika ni idara gani, maana waliomo humo nasalimiana nao jetini, na wengine walilibeba jeneza lake. Aliwapeleka maofisa Faza, Kizingitini, Ndau, mpaka Kiunga. Alijua mlango wa maji wa Mkanda unapitika saa ngapi siku za bamvua na saa ngapi maji yakiwa mafu. Alikuwa na tabia ya kuzima mashine na kusikiliza kwanza kabla ya kuingia penye mwamba. Alifariki akiwa bado kazini, hajaifikia ile miaka 60 ya kustaafu. Moyo.

Alituachia watu kuliko mali. Kuna mama. Kuna bibi, mamake baba, ambaye hatoki kitandani. Kuna mdogo wangu wa kike aliyekuwa kidato cha tatu. Kaka yangu yuko Mombasa, ana kazi bandarini, ana mke na watoto, na kodi ya nyumba inayokula mshahara kabla haujapoa. Na kuna mimi, mwenye diploma ya uhasibu niliyosomeshwa kwa mshahara wa boti ile ile, ninayeandika hesabu za maduka ya hapa Langoni kwa malipo yasiyofika mwisho wa mwezi.

Arubaini ilikuwa haijafika alipokuja mkubwa mmoja wa pale kazini kwake kuleta rambirambi. Mama alikuwa edani, kwa hiyo nilimkaribisha dakani, pale barazani pa mlangoni, tukazungumza mimi naye. Alimlilia baba kwelikweli. Kisha akasema ofisi inataka kutushika mkono: kuna nafasi ya karani wa stoo, ya kibarua kwa kuanzia, na wakubwa wameona wampe mtoto mmoja wa marehemu.

"Kaka yako aje Jumatatu," alisema.

"Kaka ana kazi yake Mombasa, ami. Hawezi kuiacha."

"Huyu mdogo je?"

"Yuko shule."

Akanyamaza, akatazama kiatu chake. "Na wewe umeolewa."

"Nimeolewa, lakini naishi papa hapa. Na kazi yenyewe ni ya vitabu vya stoo, ndiyo niliyosomea."

"Hapana, mwanangu. Wewe una mwenyewe. Hii ni ya asiye na mtu."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonizuia kumjibu. Kaka hakwenda Jumatatu. Nafasi ikapewa mtu mwingine, na kwetu hapakuja tena mtu kuizungumza.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari neno lake, nikaona lina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo ina kosa. Hesabu ni hii: mke analishwa na mumewe, kwa hiyo hana haja. Sawa, mume wangu ananilisha. Ni fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni, na kusi ikishika na bahari ikachafuka, kazi za watu hupungua na zake hupungua pamoja nazo, lakini hajawahi kulala akaniacha na njaa. Nafaka yangu, yaani matunzo yangu, iko juu yake, na ya watoto wetu. Je, nafaka ya mama mkwe iko juu yake? Haiko. Ya shemeji yake anayedaiwa karo? Haiko. Ya bibi yangu anayehitaji dawa na nepi za watu wazima? Haiko. Akiwatazama, na anawatazama, ni kwa utu wake. Kesho akisema basi, hakuna kadhi atakayemlazimisha. Anayelazimika ni mtoto. Mzazi asiye na kitu yuko juu ya mwanawe mwenye uwezo, awe wa kiume au wa kike. Kwa maneno mengine, yule mkubwa wa dakani alimtazama mtu ambaye mzigo wa nyumba ile umemwangukia, akaona mume, akasema huyu ameshatuliwa mzigo.

Na ile nafasi haikuwa ya kunilisha mimi. Ilikuwa ya kuishika nyumba ya marehemu. Swali lilipaswa kuwa: nani kati ya watoto hawa yuko hapa, anaweza kazi, na ataipeleka pesa hiyo kwa mama, kwa bibi na kwa mwanafunzi? Tungeulizana hivyo, jibu lingepatikana kabla kahawa haijapoa.

Hata dini, ambayo watu huitaja haraka wakitaka kumnyamazisha mwanamke, haikumwambia mtu ahesabu hivyo. Tulipokwenda kwa kadhi kugawa alichoacha baba, karani aliuliza majina, akauliza nani yuko hai, akauliza madeni. La nani ameolewa na nani hajaolewa halikuathiri fungu la mtu. Bibi, kwa kuwa mwanawe ameacha watoto, ana sudusi yake, moja ya sita. Mama ana thumni yake, moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja moja. Mimi niliyeolewa na mdogo wangu asiyeolewa tulipata sawasawa, mpaka senti. Aya ya mirathi katika Suratun Nisaa inasema watoto wenu. Ndoa yangu haikunipunguzia kitu mbele ya Qur'ani, ikaja kunipunguzia mbele ya stoo ya vipuri vya boti.

Nilipoanza kutafuta kwenye intaneti kama kuna mahali jambo hili limewahi kuamuliwa, nilishukia India. Kule ajira ya namna hii ina kanuni iliyoandikwa. Mtumishi wa serikali akifa akiwa kazini, mtu mmoja wa familia aliyekuwa akimtegemea anaweza kuajiriwa bila kupitia ushindani wa kawaida. Naiita ajira ya huruma, kwa kuwa ndivyo inavyokusudiwa. Kwa watumishi wa serikali kuu, waraka wa Oktoba 1998 uliipa asilimia 5 ya nafasi za kuajiriwa moja kwa moja katika kada za chini. Anayepewa huandika ahadi kwamba atawatunza wale wengine waliokuwa wakimtegemea marehemu, na akiwatelekeza anaweza kuondolewa kazini. Ahadi hiyo niliisoma mara mbili kwa furaha. Laiti ingekuwepo kwetu, na laiti wangetakiwa kuitia saini watoto wa kiume pia. Mitaa yetu inawajua waliopata riziki kwa jina la baba aliyekufa, na mama wakamsahau.

Mahakama ya Juu ya India ilishasema mwaka 1994 kwamba ajira hii si urithi wala si haki ya mtu kwa kuwa tu mzazi wake amekufa. Ni msaada wa kuivusha familia katika msiba uliowakuta ghafla, na yafaa itazamwe hali ya fedha ya nyumba hiyo. Nalikubali neno hilo lote. Kazi ya umma ni ya umma. Baba hakuimiliki boti ile, na mimi sidai kwamba kiti chake ni changu.

Lakini majimbo mengi ya India yaliandika kanuni zao kwa namna hii: mtoto wa kiume, bila kuulizwa ameoa au hajaoa, binti, awe hajaolewa, na pengine mjane. Uttar Pradesh ilikuwa na kanuni za mwaka 1974 zenye sharti hilo. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Allahabad, Jaji Mkuu wake akiwa D. Y. Chandrachud, ililifuta neno la kutoolewa lililofungwa kwa binti. Hoja yao haina mafumbo. Kijana akioa haambiwi amekoma kuwa mtoto wa babake, basi binti naye asiambiwe. Kama alikuwa akimtegemea marehemu au hakuwa, hilo ni jambo la kuchunguzwa kwa ushahidi, na cheti cha ndoa si ushahidi wa shibe. Mahakama Kuu ya Calcutta ilikwenda njia hiyo mwaka 2017, na ya Uttarakhand mwaka 2019.

Hukumu iliyonigusa zaidi ni ya Karnataka, Desemba 2020, ya Jaji M. Nagaprasanna. Baba alikuwa mtumishi wa kamati ya soko la mazao katika wilaya ya Belagavi, akafa 2016 akiwa kazini. Aliacha mke, mtoto wa kiume na binti. Kijana hakuitaka kazi. Binti aliitaka, akaambiwa ameolewa. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikaenda kumtia bibi maji ya kunywa, maana nilihisi naisoma nyumba yetu. Jaji aliliondoa sharti la kutoolewa katika kanuni za 1996, serikali ya jimbo ikazirekebisha kanuni hizo mwaka uliofuata, na Desemba 2021 Mahakama ya Juu ikaunga mkono msimamo huo.

Lakini kesi za India hazikuishia kwenye ushindi. Septemba 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi nyingine ya Karnataka. Mama, mtumishi wa hazina, alifariki Machi 2012. Binti yake alikuwa ameolewa. Septemba mwaka ule binti na mumewe wakapeleka ombi la kuachana kwa maridhiano. Machi 2013 talaka ikatoka, na siku ya pili yake binti akaomba kazi ya mamake. Majaji waliona ametafuta talaka ili apate kazi, na kwamba siku mama anakufa yeye alikuwa mke wa mtu. Wakamnyima.

Sijui ndani ya nyumba ile kulikuwa na nini, na simhukumu. Ninachokiona ni kanuni yenyewe. Kanuni inayomwambia mwanamke kwamba ndoa yake ndiyo inayowanyima wadogo zake chakula, isishangae akienda kuivunja. Sisi tumefundishwa kwamba nikahi, talaka na rejea hazina mzaha, aliyetamka kwa mchezo imempata kwa kweli. Halafu tunaweka masharti ya kazi ambayo mwenye dhiki anaweza kuyavuka kwa talaka tu. Shangazi mmoja, katika zile siku za msiba, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba lau ningekuwa nimerudi kwetu ningeipata ile nafasi. Nilimwambia, shangazi, nirudi kwetu kutoka wapi? Niko kwetu.

Mwaka 2022, katika kesi ya Maharashtra, Mahakama ya Juu ilimkatalia tena binti aliyeolewa. Ilisema hakuwa akimtegemea mamake aliyefariki, na kwamba miaka mingi ilikuwa imeshapita. La miaka nalielewa. Msaada wa msiba unaokuja baada ya miaka mingi haumvushi mtu popote, watoto wameshakua na madeni yameshalipwa au yameshaua. La utegemezi ndilo linalonikereketa, kwa sababu swali hilo linaangalia upande mmoja tu. Linauliza binti alikuwa akila kwa nani kabla ya kifo. Haliulizi nani atakula kwa binti baada ya kifo. Serikali kuu ya India yenyewe, katika maelezo iliyotoa Mei 2013, ilikubali binti aliyeolewa afikiriwe kwa masharti mawili: awe alimtegemea marehemu kikamilifu, na awatunze wengine waliokuwa wakimtegemea. Ningekuwa na kalamu yao ningelifuta la kwanza nikaacha la pili.

Turudi kwetu Kenya. Hatuna mpango wa kitaifa kama ule. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataka ajira ya umma itolewe kwa ushindani wa haki na ustahili, na nafasi sawa kwa wanaume na wanawake. Kuna rafiki yangu mwalimu aliyenisomea kifungu hicho akaniambia, basi hata wewe hukustahili kupewa, wangetangaza kazi watu wakaomba. Nimelipima neno lake na naliona lina uzito. Vijana wa Lamu wenye vyeti wako barazani tele, na baba zao wako hai, na hilo si kosa lao. Wakisema kazi zote zitangazwe bila ubaguzi wa mfiwa na asiyefiwa, mimi ni wa kwanza kupanga foleni.

Lakini tuseme ukweli wa mambo yalivyo. Nafasi hizi zipo, zinatolewa kwa minong'ono, kwa wema, dakani, baina ya mtu na mtu. Na mnong'ono una desturi yake: huanza kwa mtoto wa kiume, hushukia binti ambaye hajaolewa, na huishia hapo. India wanawake waliweza kwenda mahakamani kwa sababu neno liliandikwa, wakaweza kulielekezea kidole. Mimi nilielekeze wapi? Hakuna barua iliyonikataa. Hakuna tangazo. Kuna mzee mwema aliyenionea huruma akanywa kahawa yangu akaondoka.

Na ajabu ni kwamba sheria yetu, kwenye karatasi, ina nguvu kuliko ya kule. Katiba ya India, katika kifungu chake cha 16 kinachohusu kazi za serikali, inataja dini, rangi, tabaka, jinsia, nasaba, mahali pa kuzaliwa na makazi. Ndoa haimo, ndiyo maana majaji wao walilazimika kupitia mlango wa jinsia. Kifungu chetu cha 27 kinaitaja hali ya ndoa kwa jina lake miongoni mwa mambo ambayo mtu hatabaguliwa kwayo, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya hali ya ndoa. Mwaka 2005, hata kabla ya katiba hii, Mahakama yetu ya Rufani iliamua kesi ya mirathi kutoka Bonde la Ufa na ikakataa mabinti wapunjwe kwa dhana kwamba wataolewa waende zao. Sisi Waislamu mirathi yetu ina njia yake kwa kadhi, lakini hoja ile ni moja: ndoa ya binti si sababu ya kumtoa kwa babake.

Kuna jingine ambalo lazima niliandike, kwa faida ya wenye wazazi walio hai. Tulipofuatilia mafao ya baba tulielezwa kwamba fedha za mfuko wa pensheni haziingii kwenye mirathi. Wadhamini wa mfuko huzilipa kwa kanuni za mfuko, na wanaanza kwa kutazama fomu ya wanufaika aliyoijaza mwanachama. Fomu ya baba ilikuwa na majina mawili: mama, na kaka. Aliijaza wakati kaka ndiye mtoto pekee, akaiweka, akaendelea na bahari. Mimi sikuwamo, mdogo wangu hakuwamo, na bibi aliyemzaa hakuwamo. Hakukusudia. Alikuwa mtu wa kunikatia kipande cha samaki kikubwa kuliko cha kaka mbele ya watu. Ni fomu tu ambayo hakuna aliyemkumbusha kuitazama tena.

Kaka alitulipia sehemu yetu kutoka fungu lake bila kuombwa. Mungu amzidishie. Lakini mdogo wangu asingepaswa kutegemea moyo wa kaka, hata ukiwa moyo mzuri kama ule. Kwa hiyo, ewe uliye na baba au mama anayelipwa mshahara, mwombe leo akuonyeshe fomu hiyo. Iombe kwa adabu, baada ya chakula, usiifanye kama unangoja afe. Mwambie aandike watoto wote, walioolewa na wasioolewa, na wazazi wake anaowatunza. Akioa mke wa pili, akizaa tena, airudie.

Mama alipotoka edani niliandika barua kwa ile idara. Niliiandika usiku, nikamsomea mama asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Peleka, mwanangu. Babako hakuwa na siri." Kaka alipokuja Amu wakati wa Maulidi alitia sahihi yake chini ya yangu, akaongeza kwa mkono wake kwamba hakuitaka nafasi ile na angependa ofisi ijue hivyo.

Katika barua sikuomba kazi. Ile ilishapata mwenyewe, na aliyeipata huenda naye ana mama. Niliomba kama ofisi ina desturi ya kuwafikiria watoto wa watumishi waliokufa kazini, desturi hiyo iandikwe na ibandikwe pale ubaoni penye matangazo ya zabuni. Iseme ni nafasi gani, zinatolewa kwa muda gani baada ya kifo, na ni nani anayepima hali ya nyumba ya marehemu. Iseme mtoto, bila kutaja wa kiume wala wa kike, bila kuuliza ameoa au ameolewa. Na atakayepewa aandike mbele ya mashahidi majina ya watu atakaowatunza kwa mshahara huo, ili mama mjane wa mtumishi mwingine awe na karatasi ya kuonyesha akiachwa. Na kama ofisi haina desturi hiyo, niliomba iseme haina, na kazi zote zitangazwe. Nakala nimempelekea mwakilishi wetu wa wadi. Barua imepokewa, imegongwa muhuri, na mimi nimebaki na nakala yangu.